Waona Nini, Jicho?

Wanafunzi walimwita Rula, na yeye alijua. Halikuwa jina la kumpendeza mtu, lakini hakulichukia, kwa sababu lilisema kweli. Katika miaka yote aliyofundisha fasihi, hakuna mtoto aliyepata alama asiyoistahili, awe mtoto wa mkuu wa shule au wa jirani yake wa ukuta kwa ukuta. Mwanafunzi akileta udhuru, Rula alivua miwani, akamtazama, akanyamaza. Mara nyingi udhuru ulikatika wenyewe katikati. "Sema ilivyo," alimwambia, "halafu tuone la kufanya." Mwanamke wa namna hiyo ndiye aliyekuja kudanganya kila siku, tena kwa wimbo, tena akimdanganya baba yake mzazi.

Baba alikuwa mpiga makasia. Kabla daraja halijajengwa, watu wa mji ule walivuka mto kwa mashua kubwa ya kivuko yenye wanaume wanane na makasia manane. Yeye alikaa kikalio cha kwanza kwa sababu ya sauti yake. Ndiye aliyetoa wimbo, wenzake waliitikia "Twavuta!" na makasia yakaingia majini kwa pamoja. Bila wimbo ule kila mtu angevuta kwa mwendo wake, na mashua ingezunguka palepale kama kuku mgonjwa.

Sasa, mtu anayepiga makasia huwa ameipa mgongo nchi anayoiendea. Anachokiona ni kule alikotoka tu. Kwa hiyo mashua ilikuwa na mtu wa tisa, mshika usukani, aliyekaa nyuma kabisa akiwatazama wenzake usoni na kutazama mbele juu ya mabega yao. Hawakumwita nahodha. Walimwita Jicho. Jicho hakuvuta wala hakuimba. Kazi yake ilikuwa kuelekeza mashua na kujibu. Wimbo ulipofika mahali pake, baba aliuliza:

*Migongo yetu haina macho,*
*waona nini, Jicho?*

Jibu lilikuwa moja kati ya mawili. Jicho akisema "Naona maji," waliendelea kuvuta. Akisema "Naona nchi," ndipo ulipokuja ubeti wa kutua, ambao hakuna aliyethubutu kuuimba kabla ya jibu hilo:

*Inua kasia, lidondoke tone,*
*mguu uguse, mama atuone.*

Baada ya hapo wote walishuka, na Jicho alishuka mwisho. Alipokanyaga nchi kavu aligeuka, akaitazama mashua na kusema, "Chombo kitupu." Kazi ilikuwa haijaisha mpaka aseme hivyo.

Wanaume wale walikuwa na matusi mengi na heshima chache, lakini mambo mawili hawakuyafanyia mzaha. Mpiga makasia hageuzi shingo. Kugeuka kutazama mbele kulikuwa kumwambia Jicho kwamba humwamini, na walisema afadhali umtukane mtu mama yake. Na Jicho husema anachokiona. Baba aliwahi kuwasimulia wanawe juu ya Jicho mmoja aliyewaonea huruma wenzake siku ya mafuriko, wamechoka hoi, akawaambia anaona nchi kabla hajaiona. Waliinua makasia kwa furaha, na mkondo ukawachukua. Wawili hawakupatikana. "Alikuwa mtu mwema sana," baba alisema. "Wema wake ndio uliowazamisha."

Hakusimulia habari ya Jicho aliyeficha nchi baada ya kuiona. Nani angefanya hivyo, na kwa faida gani?

Labda Rula peke yake. Alipokuwa mdogo, baba alikuwa akilala chali sakafuni, akamkalisha bintiye juu ya miguu, akamshika mikono na kumyumbisha mbele na nyuma huku akiimba. Mtoto ndiye aliyekuwa Jicho. "Waona nini?" "Maji!" "Waona nini?" "Maji!" Alijua kwamba akisema nchi mchezo utakwisha. "Jicho gani hili," baba alilalamika, akihema kwa kujifanya amechoka, "nchi imehamishwa?" Mama alisimama mlangoni mikono kiunoni, akisubiri waje wanywe chai, na chai ikipoa.

Miaka ikaenda. Daraja likajengwa, kivuko kikafa, wapiga makasia wakazikwa mmoja mmoja mpaka akabaki baba peke yake. Mama naye akawafuata kaburini. Mzee akahamia ghorofani kwa bintiye, katika chumba chenye dirisha moja lililotazama mapaa ya mabati, kamba za nguo na tangi la maji la jirani. Kutoka pale mto haukuonekana wala haukusikika.

Kisha kiharusi kikamwangusha. Upande wa kulia ulikufa na ulimi ukafungwa. Daktari alipomaliza kumpima alimvuta Rula kwenye korido.

"Mwalimu, waiteni ndugu," alisema. "Sioni kama atavuka wiki hii."

Muuguzi mstaafu aliyekaa nyumba ya chini, mama mnene mwenye vicheko ambaye mtaa mzima ulimwita Mama Sindano, alipanda kuja kusaidia. Alikivuta kitanda katikati ya chumba ili mgonjwa aweze kugeuzwa kutoka pande zote mbili. Alimkalisha mzee kwa mito, mgongo ukielekea dirishani. Rula aliweka kigoda chake miguuni pa kitanda, akakaa akimtazama baba.

Kulipokucha mzee aliimba.

Sauti ilikuwa nyembamba lakini kila neno lilikuwa mahali pake. Baadaye daktari alimweleza Rula kwamba hilo hutokea, kwamba maneno ya kusema na maneno ya kuimba hayakai chumba kimoja kichwani. Asubuhi ile Rula hakuwa na maelezo. Alimwona baba aliyefungwa ulimi akiutoa wimbo wa kivuko, mikono ikiinuka juu ya blanketi na kuvuta. Yote miwili. Ule wa kulia uliokufa uliinuka pamoja na mwenzake.

*Migongo yetu haina macho,*
*waona nini, Jicho?*

Mikono ilisimama hewani. Kifua nacho kikasimama. Rula alisubiri pumzi irudi, haikurudi. Midomo ya mzee ilianza kubadilika rangi.

"Naona maji!" Rula alipiga kelele.

Mikono ikavuta. Kifua kikapanda.

Hakuna aliyemwambia maana yake. Alijua tu, kama mtu anavyojua chumbani kuna mtu kabla hajawasha taa. Maadamu anasema maji, baba atavuta. Siku atakayosema nchi, baba atatua.

Wiki ya daktari ikapita, na nyingine, na nyingine. Daktari alikuja, akatikisa kichwa, akasema mzee ana moyo wa chuma. Majirani walimsifu Rula kwa malezi. Naye alijitetea moyoni: mle chumbani hapakuwa na maji wala nchi, kwa hiyo jibu lolote lilikuwa neno la wimbo tu. Hoja hiyo ingetoka kwa mwanafunzi, angevua miwani. Ukweli ni kwamba hakuwa akitazama. Baba alipouliza, Rula alikazia macho kifungo cha shati la mzee na kujibu akikitazama hicho. Dirisha lililokuwa nyuma ya mabega ya baba hakulitazama kamwe. Jicho asiyetazama ameshaanza kudanganya kabla hajafungua mdomo, na mapenzi ya mtoto kwa mzazi hayabadilishi jambo hilo hata chembe.

Mambo yalianza kidogokidogo, tena mchana kweupe. Shuka zilikuwa na unyevunyevu ambao haukuwa jasho wala mkojo. Mama Sindano alizinusa akakunja pua.

"Mwalimu, hizi unazifulia wapi? Zinanuka matope."

"Bombani, mama, kama zako."

"Basi bomba lako lina samaki." Alicheka, kisha akaacha kucheka. Alikuwa ameushika mkono wa mzee ili auoshe. "Hebu njoo hapa mwanangu. Hiki nini?"

Kiganjani palikuwa na malengelenge, mengine mabichi, mengine yamepasuka. Mkono wa mtu aliyekuwa akilishwa kwa kijiko.

"Nimeuguza watu miaka mingi," Mama Sindano alisema polepole. "Nimeona vidonda vya kulalia mgongoni, kisiginoni, masikioni. Kiganjani sijaona."

Aliyapaka malengelenge dawa, akafunga bendeji. Kesho yake bendeji zilikuwa zimesagika nyuzi.

Kisha kitanda. Rula alikikuta kila jioni kimesogea, kikielekea dirishani, yaani nyuma ya mgongo wa baba, upande anaoendea mpiga makasia. Alikisukuma kukirudisha. Mdogo wake ndiye aliyeziona alama sakafuni, alipokuja kumtazama mzee. Alikuwa fundi wa mafriji, mtu wa maneno mengi, mtaani wakimwita Fundi Baridi, naye alikuwa na mazoea ya kuinama kutazama chini ya kila kitu.

"Dada, mnacheza muziki humu? Mbona kitanda kimechora barabara?"

"Mama Sindano anakisogeza akipiga deki."

Ule ulikuwa uongo wa pili, na ulitoka kwa wepesi zaidi kuliko wa kwanza. Ndivyo unavyofanya kazi.

Fundi Baridi alikaa kidogo, akamwambia baba habari za wajukuu, akaaga. Rula alisikia viatu vyake vikishuka ngazi. Baba akaanza wimbo. "Vuta, wenzangu, vuta," na Rula, kama ilivyokuwa desturi yao sasa, akafungua mdomo ili aitikie.

"Twavuta!"

Hakuwa yeye. Alikuwa bado hajatoa sauti. Ilitoka pande zote mbili za kitanda, nzito, ya wanaume kadhaa, na mmoja wao alimalizia kwa kikohozi kikavu. Rula alikijua kikohozi kile. Kilikuwa cha mzee wa kikalio cha tatu, aliyekuwa akimletea pipi, naye alizikwa Rula akiwa bado msichana wa shule ya msingi. Maji ya beseni lililokuwa juu ya meza yaliyumba upande mmoja, kisha upande mwingine, yakifuata wimbo.

*Waona nini, Jicho?*

"Naona maji," Rula alisema, macho kwenye kifungo.

Mlango ulifunguliwa. Mdogo wake alikuwa amesimama pale. Alikuwa amerudi kuchukua bisibisi aliyoisahau. Uso wake ulikuwa umebadilika.

"Nani mwingine yumo humu?"

"Hakuna mtu."

"Dada, mimi si mwanafunzi wako. Nimesikia wanaume." Alitazama chini ya kitanda, nyuma ya kabati, kisha akamtazama baba akivuta, macho yamefumbwa, mishipa ya shingo imesimama. "Tangu lini unamjibu hivyo?"

"Tangu asubuhi ya kwanza."

"Kila mara maji?"

"Ulitaka nimjibu nini?"

"Mwangalie alivyochoka."

"Anapumua. Daktari alisema wiki. Imepita wiki ngapi? Mimi ndiye ninayempa."

"Unampa nini, dada? Watu wananiletea friji, imezunguka mchana na usiku bila kupumzika, mwenyewe anajisifu kwamba haijawahi kuzima. Nikifungua kompresa, ndani imeungua yote. Haikuwa inafanya kazi ile. Ilikuwa inateseka."

"Baba si friji."

"Ndiyo nasema." Aliokota bisibisi yake. Mlangoni aligeuka, macho yamejaa. "Na mimi nataka awepo. Usifikiri ni wewe tu. Lakini kama mimi ndiye ningekuwa Jicho, nikamjibu hivyo, nisingeweza kumtazama usoni."

Alikwenda. Rula alikaa juu ya kigoda, amekasirika kama mtu anavyokasirika anapokamatwa.

Siku iliyofuata alikuwa na kipindi cha mashairi ya kale. Aliwaeleza wanafunzi jinsi washairi wa zamani walivyopenda vyombo vya majini: chombo ni mwili, mto ni umri, kasia ni pumzi, na mpiga makasia huipa mgongo nchi aendako ili asijue mwisho wake. Alikuwa ameyasema hayo miaka mingi kwa sauti ileile. Msichana mmoja wa safu ya nyuma, mvivu wa kuandika lakini si wa kufikiri, aliinua mkono.

"Mwalimu, kama hawaoni mbele, na anayewaonea akiwadanganya, watajuaje?"

"Watajua mikononi," Rula alisema.

Jibu lilimtoka bila kulitafuta. Darasa lilisubiri maelezo. Yeye aliitazama chaki aliyoishika, akaiweka chini, na kwa mara ya kwanza tangu aajiriwe akawaruhusu watoke kabla ya kengele.

"Leo Rula kapinda," mtu alinong'ona, na wengine wakacheka huku wakikimbilia nje.

Alipofika nyumbani jua lilikuwa kali, mabati yanametameta, na Mama Sindano alikuwa amesimama ngazini, hataki kurudi ndani.

"Nimetoka," alisema. "Unisamehe mwanangu. Wamekuwa wengi mle."

Rula aliingia peke yake. Kitanda kilikuwa kimefika hatua moja tu kutoka dirishani. Alikiburuta kigoda, akakaa mahali pake miguuni. Baba alikuwa akiimba, ila sauti ilikuwa imekwisha; kilichobaki kilikuwa pumzi yenye maneno. Bendeji zilikuwa zimelowa nyekundu. Mikono ilivuta na kurudi, ikavuta na kurudi, na sakafu chini ya miguu ya Rula ilikuwa na ule mwendo mdogo wa kuinuka na kushuka ambao hakuwa ameuhisi tangu utotoni.

"Vuta, wenzangu..."

Hakuna aliyeitikia. Wale wanaume walikuwepo. Rula aliwasikia wakihema, wamechoka, karibu kabisa na masikio yake. Mwenye kikohozi alikohoa. Halafu wote kwa pamoja, pamoja na baba, waliuliza, na haikuwa tena kama wimbo:

"Waona nini, Jicho?"

Rula alikitafuta kifungo. "Naona maji," alisema.

Hakuna mkono uliovuta.

Kisha baba alianza kugeuza shingo.

Aligeuka polepole, kwa shida, mishipa ikitetemeka, kidevu kikielekea begani. Mzee aliyevuka mto ule maisha yake yote, kwenye mafuriko na kwenye ukungu, asigeuke hata siku moja, alikuwa anageuka kutazama mwenyewe. Rula alikuwa amejiandaa kwa kifo chake. Kwa hili hakuwa amejiandaa. Angeweza kuendelea kumfanya baba apumue labda mwaka mzima, lakini angepumua akiwa mtu asiyeweza tena kumwamini bintiye mwenyewe.

"Usigeuke, baba," alisema. "Tafadhali. Ngoja. Natazama."

Shingo ikasimama. Rula aliinua macho kutoka kwenye kifungo, akayapitisha juu ya bega la baba, akalitazama dirisha.

Mapaa hayakuwepo, wala kamba za nguo, wala tangi. Palikuwa na maji, meupe na tulivu kama bati lililofutwa, na mwisho wa maji, karibu sana, karibu kiasi cha kumtia aibu, palikuwa na ukingo wa udongo mweusi. Ulikuwa karibu hivyo kwa muda gani? Nyasi za ukingoni zilikuwa zimelala upande mmoja, kama zinavyolala mahali ambapo watu wamesimama wakisubiri siku nyingi. Mwanamke mmoja alikuwa amesimama pale, mikono kiunoni.

Rula alitaka kuutazama uso wake. Lakini hakuwa ameulizwa habari ya mama. Alikuwa ameulizwa jambo moja.

"Naona nchi," alisema.

Baba alirudisha shingo. Alimtazama bintiye kwa macho yaliyo wazi, kwa mara ya kwanza tangu augue, na upande mmoja wa mdomo ulicheka, kama mtu anayetaka kusema: nchi imehamishwa? Kisha akaimba, na wengine wote wakaimba naye:

*Inua kasia, lidondoke tone,*
*mguu uguse, mama atuone.*

Mikono yote miwili iliinuka na kusimama hewani. Kutoka vidoleni yalidondoka maji, si damu, tone moja moja, yakalowesha blanketi. Kitanda kiligonga ukuta wa dirishani kwa mlio laini wa mbao juu ya mchanga. Kilitikisika mara moja, mara nyingine, tena na tena, jinsi mashua inavyotikisika watu wanaposhuka mmoja baada ya mwingine. Na mara ya mwisho ilikuwa nyepesi kabisa, kama ya mzee aliyekonda. Mikono ikashuka.

Dirishani yalikuwepo mapaa. Shati la jirani lilikuwa likipepea kwenye kamba.

Mdogo wake alimkuta hivyo, bado juu ya kigoda. Mama Sindano alikuwa amempigia simu. Fundi Baridi alimtazama baba, akamfumba macho, akabaki ameushika ule mkono wenye malengelenge.

"Ulimwambia nini, dada?"

"Nilichokiona."

"Leo?"

"Leo. Nilipaswa kumwambia siku nyingi." Hakulia, wala hakutafuta udhuru. "Nchi ilikuwa karibu, mdogo wangu. Ilikuwa karibu muda wote."

Fundi Baridi hakumlaumu wala hakumwambia kwamba hakukosa. Alimpa mkono. "Basi shuka."

Rula alisimama. Miguu yake ilikuwa imekufa ganzi, na sakafu ilikuwa ngumu na tulivu. Alipiga hatua hadi mlangoni, akageuka, akakitazama kitanda na mwili uliokuwa juu yake, akatazama kila upande ambako sauti zilikuwa zimetoka. Safari hii alitazama kweli, hata pale alipoogopa.

"Chombo kitupu," alisema.

Hapakuwa na aliyekigusa kitanda. Kilijitenga taratibu na ukuta, kikageuka kidogo, kikaelea kurudi katikati ya chumba.